Mwanashee na Kitovu cha Sultani

Hapo zamani, wakati mvua bado ikijua kunyesha, palikuwa na mjane akiitwa Mwanashee, hana mbele wala nyuma, ila mdomo anao. Yeye na mwenzake Nyamiza walikuwa wakioka mikate ya mofa, ile ya mtama inayobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Mwanashee akikanda na kuuza, Nyamiza akioka, na tanuri lenyewe kalifinyanga Nyamiza kwa mikono yake, kama wanavyofinyanga kwao. Na kwao ni mbali, huko bara kwenye maziwa makuu. Alikuja na msafara, mumewe akafa njiani, akabaki. Miaka ishirini na saba. Mji mzima ukila mkate wake, na Sultani naye kila asubuhi akipelekewa wa moto, wala hakuuliza hata siku moja umetoka mkononi mwa nani.

Basi masika ya mwaka ule yakaja kwa hasira, tanuri likalowa, likaanguka puu! Ikawa hakuna mkate, hakuna kuni, hata chumvi ya kuazima hakuna. Ndipo akapita mpiga mbiu na pembe lake: Sultani anawakopesha fedha ya Hazina wenye biashara ndogo ndogo, wapate kuinuka.

Mwanashee akajifunga kaniki yake ya viraka, akaenda barazani. Alipofika akamkuta Sultani kaketi, na Waziri pembeni yake, mtu wa kilemba kikubwa na adabu ndogo.

"Nashika miguu, Seyyid."

Sultani akaitikia kwa kidole. Waziri akauliza, "Biashara yako ina wenyewe wangapi?"

"Wawili, bwana. Mimi na Nyamiza."

"Huyo Nyamiza kitovu chake kimezikwa wapi?"

Maana mji ule, kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa uani, na juu yake hupandwa mnazi. Hiyo ndiyo hati ya mtu.

"Kwao, bwana."

Waziri akacheka kwa pua. "Basi sikia amri. Hakopeshwi mtu ambaye biashara yake ina mwenye fungu, hata fungu moja katika mia, ambaye kitovu chake hakimo katika mji huu. Na awepo shahidi aliyekifukia. Mtoe huyo mgeni, ukope. Humtoi, siku tatu nyingi, kiwanja cha tanuri anapewa mwingine."

"Nikimtoa, bwana, tanuri atalifinyanga nani? Wewe?"

Baraza likang'ata midomo. Sultani akasema, "Amri ni amri, mama. Haibagui."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa."

"Ahsante, Seyyid. Na Hazina ikinikopesha, yenyewe inapata nini?"

"Mkate mmoja katika kila kumi," akasema Waziri, "ndilo fungu la Sultani, maadamu tanuri linawaka."

Mwanashee akarudi nyumbani, akamkuta Nyamiza habari keshazisikia, keshafunga furushi lake, macho mekundu.

"Dada, naenda zangu. Kopa hiyo fedha, ujenge."

"Uende wapi na miguu hiyo yenye gauti? Keti. Niambie jembe liko wapi."

Asubuhi yake askari wa jumba la Sultani wakasikia kishindo uani. Kuangalia, Mwanashee yuko chini ya mnazi wa Sultani, jasho linamtoka, shimo limefika magotini. Wakamkamata. Makelele yakamtoa Sultani nje na kanzu ya kulalia, Waziri nyuma yake kilemba upande.

"Mwanamke, una wazimu?"

"La, Seyyid. Natafuta kitovu chako."

"Kitovu changu!"

"Nikikopa, tanuri langu lina wenye fungu watatu: mimi, Nyamiza na wewe. Changu kipo, mkunga wake yu hai. Cha Nyamiza hakipo, sote twajua. Nikasema, kabla sijamfukuza mwenzangu wa miaka ishirini na saba, nimhakikishe na huyu mwenzangu wa jana, nisije nikavunja amri kwa ajili yake."

Waziri akafoka, "Fidhuli wee! Kitovu cha Sultani kimo humo, nani asiyejua?"

"Nani aliyekifukia? Amri yako inataka shahidi, bwana."

"Mwiteni Bi Kaje, yaya wangu," Sultani akasema, kifua mbele. "Mwanamke huyu aone haya."

Akaja Bi Kaje na mkongojo wake, akalitazama lile shimo, akaguna.

"Chimbeni mpaka mchoke. Humo hamna kitu."

"Bi Kaje!"

"Nisikize, mwanangu. Mama yako alikimbia vita, mimba ina miezi minane. Ulizaliwa bara, kibandani mwa wafuga mbuzi. Lugha yao hatuijui, yetu hawaijui. Wakatupa uji, wakatupa moto wa kuota, hakuna aliyetuuliza kitovu cha mtu. Umeingia mji huu una miaka minne. Mnazi niliupanda mimi, watoto wenzio wasikucheke."

Sultani akatazama miguu yake.

"Haya, Seyyid," akasema Mwanashee, "niwatoe wageni wangu wote wawili, ama niwabakize wote? Mimi sina neno. Ila nikikutoa wewe, mkate wako nitaula mwenyewe."

Sultani akainua kichwa. Akaitaka karatasi ya ile amri, akaichana kwa mkono wake. Kisha akamgeukia Waziri.

"Na wewe, kitovu chako kiko wapi?"

"Mimi... nitauliza nyumbani, Seyyid."

"Hata ukikipata, una deni la jibu. Mama huyu alikuuliza tanuri atalifinyanga nani."

Basi fedha ikatoka siku ile ile, na Waziri akatoka nayo. Akavua viatu, akapandisha kanzu, akakanyaga udongo siku tatu, na mji mzima ukapita hapo kwenda kununua chumvi ambayo hauihitaji. Nyamiza kaketi kwenye kigoda, mguu wake mbovu kaunyosha, akiutazama udongo.

"Bado, bwana," akimwambia. "Bado una mawe. Kanyaga."