Kitunguu Hulala, Ukali Haulali

"Kitunguu hulala, ukali haulali." Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani, na sasa mwataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Tulieni basi, mwenye kamasi apenge kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Katika tambarare za Same palikuwa na kijiji cha wakulima wa vitunguu chenye sheria moja nzito: anayetaka kuoa hapo hukata bakuli zima la vitunguu mbele ya mashangazi wa binti. Chozi likidondoka, na posa imedondoka.

Singo, seremala wa milimani, alimpenda Nakijwa hata akawa anapigilia misumari vidole vyake mwenyewe. Wakati wa mavuno alijizoeza kwa vitunguu vya shambani, vilivyojaa maji na utamu, akivikata huku anapiga mluzi. Mzee Senzota, baba wa binti, aliusikia mluzi ule akaingiwa na hofu. Yeye alitaka mkwe mkulima, si mchonga vigoda! Akaiahirisha siku ya kukata vitunguu mpaka mvua zipite.

"Mapenzi ya vijana ni chai," alimnong'oneza dada yake, Namkunda. "Yaache yalale, yatapoa."

Mvua zikapita, Singo akarudi na shati la kuazima. Shangazi Namkunda akamuuliza kwa sauti ya hakimu:

"Baba, tukuletee vibichi vya bustanini, au vilivyolala kichanjani?"

Singo nusura acheke. Kwao ugali uliolala ni kiporo. Kitu kilicholala kimekwisha nguvu!

"Vilivyolala, shangazi."

Nakijwa akajiziba mdomo.

Lo! Huko kichanjani maji yalikuwa yamepungua, utamu umefifia, na ukali umejikusanya chini ya maganda ukingoja mjinga mmoja mwenye kisu. Kilipozama tu, Singo alihisi macho yamemwagiwa pilipili. Akajaribu mluzi; ukatoka upepo mtupu. Chozi likaning'inia, likadondoka, pwa! Hakuacha kukata. Alikata huku analia kama aliyefiwa na ukoo mzima, hadi bakuli likajaa.

"Chozi!" Mzee Senzota aliruka. "Mmeliona?"

Mashangazi wote walikuwa wamejifunika kanga usoni, mabega yakitikisika.

"Kaka, mimi naona ukungu tu," Namkunda akasema.

"Mimi hata wewe sikuoni," akadakia mwingine, "wala sijutii."

"Nimeliona mimi!"

"Sheria ni ya mashangazi, kaka. Na wewe unalia nini?"

Mzee akajigusa shavu. Limelowa.

Singo hakuona kitu. Alisikia tu sauti ya Nakijwa, karibu kabisa na bega lake:

"Baba, ulitulaza ili tupoe. Umeona vitunguu vilivyofanya?"

Mzee Senzota akapenga kamasi kwa heshima zote, baraza zima likimngoja.

"Mleteeni mkwe wangu maji ya kunawa," akasema. "Kitunguu hulala, ukali haulali."