Mgeni Mwema Haogopi Sebule

"Mgeni mwema haogopi sebule." Mmeisikia kwa mama zenu, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia Usangi, nyumbani kwa Mama Nakiete.

Nakiete alipopata kipaimara, mama yake alijawa na shukrani hata akashindwa kunyamaza. Akaweka picha mtandaoni: binti katika gauni jeupe, majina yake yote, shule yake, na chini kabisa namba ya simu aliyozawadiwa siku hiyo, "ili ndugu na marafiki wampongeze wenyewe."

Pongezi zikamiminika. Baada ya wiki mbili mama akaona binti hacheki tena, na simu ikilia tu anakimbilia chumbani. Jioni moja akamfuata, akaketi kitandani.

"Mwanangu, nani huyo asiyeweza kuongea nawe mbele yangu?"

Nakiete akainama. "Anko Elinami. Anasema mliimba naye kwaya. Anaijua shule yangu, mama, hata siku ya kipaimara. Anataka tukutane Jumamosi stendi ya Mwanga, nisikwambie, eti anakuandalia sapraizi."

"Umemtumia nini?"

"Picha mbili tu, za kawaida. Kila alipotaka za namna nyingine nilimwambia simu haina chaji."

"Wiki mbili haina chaji?"

Nakiete nusura acheke, machozi yakamtangulia.

Mama hakumjua Elinami yeyote. Alitamani kuibamiza simu ile ukutani. Akamwomba Mungu kimyakimya auzuie ulimi wake, maana akigomba leo, kesho hataambiwa kitu. Kisha akamshika binti mkono.

"Twende sebuleni. Mwandikie kwamba mama yupo hapa, apige simu ya video tusalimiane. Kama ni mwanakwaya kweli, tutaimba."

Nakiete akaandika. Ujumbe ukasomwa. Wakangoja, simu haikuita. Mara picha ya yule mtu ikatoweka, alikuwa ameifungia namba yao.

"Kumbe anamkimbia mama!" Nakiete akasema, akishusha pumzi.

"Kosa ni langu," mama akajibu. "Nilikuanika mwenyewe nikidhani namtukuza Mungu. Nisamehe."

Akaifuta mtandaoni ile picha ya kipaimara. Asubuhi wakapeleka jumbe zote polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto.

Siku hizi wadogo zake Nakiete wakiandikiwa na mtu wasiyemjua, humletea dada simu wenyewe. Naye huwaambia: mkaribisheni tuongee naye wote. Akija, mpeni kiti. Akikimbia, msimfuate. Mgeni mwema haogopi sebule.