Shina la Baba

Huruma ya tawi huangusha shina. Ndivyo nilivyomwambia mama yenu asubuhi, nilipomkuta ameinamia beseni anafua mashati ya ndugu yenu Kibua, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye ndevu na mikono miwili mizima. Mlicheka wote, na Kibua akacheka kuliko wengine. Sasa mnataka kujua methali hiyo imetoka wapi. Leo nimechoka, wajukuu zangu, magoti yananiuma tangu alfajiri. Lakini hii siwezi kumwachia mtu mwingine aisimulie, kwa sababu ilizaliwa nyumbani kwetu na mimi nilikuwemo. Kisa chake ni hiki.

Baba yangu, Mzee Shekiondo, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, juu huko milimani Lushoto. Mwaka aliomwoa mama yangu, Zahabu, alirudi nyumbani siku moja na kijiti kifupi kwenye mfuko wa shati, chenye majani manne. Wauza maua wa mjini huuita mmea ule jedi. Sisi tuliuita Mnene, kwa kuwa majani yake ni manene, yamejaa maji, na ukiyapinda kidogo tu yanakatika. Baba alikichomeka kijiti kile kwenye debe bovu, akaliweka barazani, na siku nyingi hakukitia hata tone la maji, mpaka mama akadhani amekisahau. Hakuwa amekisahau. Mmea ule ukiunywesha sana unaoza.

Kila mwaka masika yakiisha, baba alinoa kisu chake kidogo akaketi mbele ya Mnene. Kwenye tawi la mmea ule kuna pete nyembamba, mahali majani ya zamani yalipodondoka. Baba alikata juu kidogo ya pete, na baada ya wiki kadhaa machipukizi mawili yakatokeza hapo. Moja aliliacha, jingine alilitoa. Kisha alilizungusha debe ili upande uliokuwa kivulini nao upate mwanga. Mti ukakua umesimama wima, shina likanenepa likawa kama mkono wa mtu mzima, na debe likabadilishwa kwa chungu kikubwa.

Alipozaliwa mtoto, baba alichagua tawi moja akalipa jina la mtoto huyo. Tulizaliwa watano, yakawa matawi makuu matano. Langu lilikuwa lile lililoelekea mlangoni. Lakini hata hayo yenye majina aliyapunguza kila mwaka bila kusita, na vipande akawagawia majirani, wakavipanda kwao. Mama alitazama yote hayo kutoka jikoni, ila nadhani hakuutazama mkono wa baba. Alikuwa akisikiliza majina tu.

Baba alipofariki na arobaini ikapita, vitu vyake viligawiwa kama ilivyo desturi yetu. Koti la mvua lilikwenda kwa kaka yangu Mashauri, kofia kwa mdogo wake, na kisu kile akapewa rafiki yake na jirani yetu, Mzee Shemweta. Kilichobaki cha mkono wa baba kilikuwa mti ule barazani. Mama akatangaza kwamba hautaguswa na mtu. Tena akaanza kuunywesha kila asubuhi, kikombe kizima, akiusalimia.

Matawi yakarefuka. Yote yalikimbilia upande wa jua, kwa sababu chungu kilikuwa kizito na hakuna aliyekizungusha. Mwaka wa pili mti ulianza kuinama. Mama alichana kanga kuukuu vipandevipande, akafunga kila tawi kwenye nguzo za baraza. Mwaka wa nne vitambaa vilikuwa vingi mpaka wageni wakawa wanapita kwa kuinama.

Na nyumba nayo ilikuwa vivyo hivyo. Mashauri alikuwa na miaka thelathini na nne, hajaoa, anaulizia chai akiwa bado kitandani. Mimi nilikuwa nimegombana na mume wangu, nikaja na wanangu wawili kukaa mwezi mmoja, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Wadogo zetu walikuja na kuondoka, wakiacha nguo chafu. Mama aliteka maji, alipika, alifua, akachambua maharage akiwa amefumba macho kwa usingizi. Mgongo wake ulianza kupinda. Tulimwambia "pole, mama," kisha tukamsogezea sahani. Naona haya kuwaambieni haya, lakini ndivyo tulivyokuwa.

Siku moja Mzee Shemweta alikuja na kile kisu mfukoni. Aliuzunguka mti, akaingiza kidole kwenye udongo, akakitazama kidole kilivyolowa. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Shemeji," Mzee Shemweta alisema, "nipe ruhusa nipunguze matawi haya. Shina limeelemewa."

"Upunguze lipi?" mama aliuliza. "Hili la Mashauri? Hili la huyu aliyemo ndani na wanawe? Nionyeshe wewe nimtoe nani."

"Simtoi mtu. Tawi la mti huu ukilikata halifi. Uliache kivulini wiki moja kidonda kikauke, ulichomeke kwenye mchanga mkavu, litaota. Marehemu alikuwa akifanya hivyo kila mwaka, na wewe ulikuwepo."

"Marehemu alikuwepo mwenyewe. Mimi nimeachiwa. Siwezi kumkata mtoto wa mwenzangu, Shemweta."

Yule mzee akasema polepole, "Matawi yana pa kwenda, shemeji. Shina ndilo halina."

Mama alitikisa kichwa akarudi jikoni, maana sufuria ilikuwa inachemka. Mzee Shemweta akaenda zake na kisu chake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikisikia yote, na nilifurahi. Nilielewa vizuri sana kwamba siku tawi litakapokatwa barazani, zamu yangu haitakuwa mbali.

Mti ulianguka wakati wa vuli, siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Hakukuwa na upepo. Tulisikia mlio mdogo tu, tukatoka. Matawi yalikuwa yananing'inia palepale yalipofungwa kwenye nguzo kwa vile vitambaa vya kanga, mabichi, hayana hata jani lililosinyaa. Shina lilikuwa limekatika juu kidogo ya udongo na kulegea chini yake. Mama aliligusa, kidole kikazama. Ndani lilikuwa jeusi, laini, linanuka uozo wa muda mrefu.

Mama aliketi sakafuni. Alikaa hapo mpaka Mzee Shemweta aliporudi kutoka msikitini akamkuta. Mama alinyoosha mkono akaomba kisu. Akafungua vile vitambaa kimoja kimoja, akakata matawi yote matano kwa mkono wake mwenyewe, na kila alipokata alitaja jina. Alipofika kwenye langu alinitazama, mimi nikatazama chini. Alasiri moja alikata yote aliyokataa kukata kwa miaka mitano.

Matawi aliyaegemeza ukutani kivulini kwa wiki moja, akayachomeka kwenye makopo matano ya mchanga. Kipande cha shina kilichoonekana kuwa kizima alikiosha, akakikausha kwa siku nyingi zaidi, akakipa chungu chake peke yake. Alikichungulia asubuhi na jioni. Maji hakukipa tena, alikuwa amejifunza, lakini uozo haukungoja masomo yake. Mwezi wa pili kilisinyaa, kikawa ganda tupu. Siku hiyohiyo aliyavuta matawi kidogo kuyajaribu, yakamkatalia. Yote matano yalikuwa yameshika mizizi.

Mzee Shemweta alikuwa ameketi naye barazani. Mama alimwambia, "Nilihurumia tawi, nikaangusha shina." Yule mzee aliyachukua maneno hayo akaenda nayo gulioni, huko yakafupishwa, na kabla mwaka haujaisha nilisikia mwanamke nisiyemjua akiyatumia kumwambia mwenzake kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Jumapili iliyofuata mama alituita. Alimpa kila mmoja kopo lake. Mashauri alidhani ni zawadi, akauliza aliweke wapi ndani ya nyumba. Mama akamwambia si ndani ya nyumba hii. Mimi aliniambia, "Chukua lako na wanao, mkaote kwenu." Niliondoka na hasira, nikalia njia nzima mpaka Korogwe. Huko nilipanga chumba kimoja, nikaanza kushona nguo. Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mwaka wa pili sikumbuki kama nililia.

Nilirudi kumwona kabla hajatuaga. Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilimkuta ameketi kwenye kiti barazani, mikono mitupu mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona mama ameketi saa ile tangu nizaliwe. Alikuwa mwepesi, mgongo umekwisha, na macho yake yalikuwa pale nguzoni ambapo chungu kilikaa. Nikamwambia tawi langu limekuwa mti, limefika kiunoni, na kila mwaka nalikata. Nikamwambia na wanangu hawajambo, wanajifulia wenyewe. Nilidhani atafurahi. Alifurahi kweli, akanishika mkono, lakini akasema:

"Ningekata mapema, mngekuwa hivyo hivyo mlivyo leo. Na baba yenu ningekuwa naye bado hapa barazani."

Nililala pale siku mbili, nikamfulia nguo zake, zilikuwa chache. Wajukuu zangu, matawi yote matano yapo hai mpaka leo, na hakuna hata moja lililohitaji huruma ile. Huruma ya tawi huangusha shina.