Moto wa Kwanza wa Tanuri la Kilimasega

Pigeni vigelegele, moto umeshika kuni,
Kifo kilisonga mbele, kikashindwa uwanjani.

Hapo zamani, si zile za majini na wafalme, bali zamani za karibu ambazo waliozishuhudia wangali wanakula ugali, palikuwa na hospitali mlimani, jina lake Kilimasega. Ilikuwa hospitali safi. Sakafu zake zilisuguliwa zikang'aa, mashuka yake yalianikwa yakanukia jua. Lakini ndani ya usafi huo mlikuwa na desturi mbili mbaya, na desturi mbaya ikizoeleka huvaa joho la sheria.

Desturi ya kwanza ilikuwa kushindilia. Kila wodi ilikuwa na kisanduku cha manjano cha kutupia sindano zilizotumika, na ubavuni mwake mstari: kikijaa hadi hapa, kifungwe, kisiguswe tena. Lakini visanduku vilitoka mbali, vikapandishwa mlima kwa lori, na wodi iliyoomba vichache ilisifiwa mbele ya watu katika kikao cha asubuhi. Basi wodi zikashindana. Kisanduku kikifika mstarini, kinatikiswa. Kikitikiswa kikakataa, kinashindiliwa. Wodi ya wazazi ilikuwa na mchi mdogo kwa kazi hiyo, nao wauguzi waliupa jina, Bwana Nafasi. "Mwiteni Bwana Nafasi," walisema wakicheka, "atutafutie mahali."

Desturi ya pili ilikuwa kunyamaza. Mtu akichomwa na sindano, alifuta damu, akafunga kidole, akaendelea na kazi. Kwani akisema, watu hawakumuuliza, "Umenawa?" Walimuuliza, "Damu ya nani?" Na tangu siku hiyo kikombe chake cha chai hakikushikwa na mwingine.

Desturi hizo mbili zikaoana, zikakaa nyumba moja miaka mingi, na siku moja zikazaa.

Alikuwapo mkunga aliyeitwa Nakijwa, mwenye mikono miepesi na kicheko kizito. Alikuwa amechumbiwa na Elieza, fundi seremala, na ndoa yao ilikwisha kutangazwa kanisani. Asubuhi hiyo alizalisha salama, akaipeleka sindano kisandukuni, kisanduku kikakataa. Akamwita Bwana Nafasi, akashindilia. Akavua glavu, akakikumbatia kisanduku kifuani kama mtu abebaye kuku, akaelekea kwenye shimo la taka nyuma ya jiko. Hakufika. Sindano moja ilitoboa ubavu wa kisanduku, ikamwingia kiganjani.

Alisimama. Damu ilikuwa tone moja, dogo kama punje ya mtama. Kando yake palikuwa na pamba. Kando yake palikuwa na kimya. Kila aliyechomwa kabla yake alichukua vyote viwili.

Nakijwa hakuchukua hata kimoja. Alikiweka kisanduku chini, akapaza sauti ikafika jikoni: "Nimechomwa! Jamani, nimechomwa na sindano, wala sijui ya nani!"

Milango ikafunguka. Mwenzake akamshika bega. "Nyamaza, Nakijwa! Unajitangaza, na harusi imekaribia?"

"Harusi itaninawisha mkono?" akajibu. "Nifungulie bomba."

Akanawa kwa sabuni na maji yatiririkayo. Hakuliminya jeraha, hakulisugua. Kisha akaenda kwa miguu yake hadi kwa Dokta Mhando, mganga mkuu.

"Sindano ya mgonjwa gani?" Dokta akauliza.

"Dokta, mle mna sindano za wodi nzima. Kisanduku hakina mdomo wa kunitajia."

"Basi tuihesabu kuwa ya mwenye virusi. Chanjo ya homa ya ini ulipata, hiyo ni ngao moja. Kwa virusi vya UKIMWI iko dawa ya kinga, lakini haingoji mtu. Ikiwahi, hukinga. Ikichelewa, ni vidonge tu. Utaimeza leo hii. Mwiteni Sempombe!"

Sempombe alikuwa mtunza stoo ya dawa, mrefu wa miguu, mwepesi wa mzaha. Akafungua kabati, akashika kopo, akasoma tarehe, na mzaha ukamwisha usoni.

"Dokta," akasema, "dawa imekufa."

"Imekufaje?"

"Muda wake umepita. Walikuwa wakichomwa, wakinyamaza. Hakuja mtu kuiomba, nami sikuitazama."

Wakapiga simu hospitali ya ng'ambo ya bonde. Dawa iko, wakaambiwa, lakini daraja limechukuliwa na mvua, gari halivuki. Watu wakatazamana. Sempombe akainama, akavua viatu.

"Kosa ni langu," akasema, "na miguu ni yangu."

Akateremka bonde. Akafika mtoni, maji yakampanda hadi kifuani, akashika kamba ya wachunga ng'ombe iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo, akavuka. Akapokea dawa, akaifunga katika nailoni, akaifunga nailoni kichwani kwa kitambaa. Akarudi mtoni, maji yakampanda, kamba ikamteleza, akaishika tena, akavuka. Akapanda mlima akiwa tope tupu, akaingia kwa Dokta akihema. Nakijwa akameza kidonge cha kwanza jua likingali juu ya paa.

Sempombe alipokuwa bondeni, Sista Raheli hakukaa kitako. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa wodi ya wazazi, mama wa makamo, mkali kama pilipili mbichi. Wodi iliyosifiwa zaidi ilikuwa yake. Bwana Nafasi aliletwa na yeye. Akautwaa mchi ule, akaubeba hadi penye magogo ya jiko, akaupasua kwa shoka mbele ya wauguzi, wapishi na wagonjwa.

"Mmeniona?" akauliza. "Hakuna kushindilia tena. Hata mimi nikiwaagiza, msinitii!"

Kisha akavaa glavu nene, aproni na mabuti, akaingia wodi baada ya wodi. Kila kisanduku kilichoshindiliwa alikitia katika ndoo ngumu yenye mfuniko. Na kila wodi alikuta yaleyale: kisanduku kimevimba, sindano imechungulia. Wodi ya wanaume, sindano imechungulia. Wodi ya upasuaji, sindano imechungulia. Wodi ya watoto, kisanduku kilikuwa sakafuni, na sindano iliyochungulia ilimtazama mtoto aliyekuwa akitambaa kuifuata, akidhani ni kitu cha kuchezea. Sista Raheli akamnyakua mtoto kwanza, kisanduku baadaye.

Kesho yake, saa ya chai, Nakijwa aliketi peke yake, na kikombe chake kilikuwa peke yake. Sista Raheli akapita, akakitwaa, akanywa nusu, akamrudishia.

"Chai yako ina sukari kidogo, mwanangu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Wengine mnakodoa macho nini? Virusi havikai kwenye chai!"

Tangu hapo, watu wakaanza kusema. Huyu aliyechomwa akasema. Yule aliyerukiwa damu jichoni akasema. Na kila aliyesema alinawishwa, akapimwa, akapewa dawa iliyo hai, kwani Sempombe sasa alizikagua tarehe kama mkulima akaguaye mawingu.

Lakini Nakijwa alikuwa bado njiani. Dawa ilimtapisha, naye hakuacha kuimeza. Mama yake Elieza akaja kumwona, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, hatukukatai," akasema. "Tunangoja tu majibu."

"Ngojeni, mama. Nami nangoja. Ila mimi nangoja huku nikizalisha."

Akazalisha, akangoja. Akapimwa mara ya kwanza: hana virusi. Akangoja tena. Akapimwa mara ya mwisho, na Dokta Mhando akatoka mlangoni kwake bila viatu, kwa haraka ya furaha.

"Mzima!" akapiga kelele. "Mzima kabisa!"

Vigelegele vikapasua mlima. Aliyevipiga kwa nguvu kuliko wote ni mama yake Elieza, hata Nakijwa akamshika mkono. "Pumua, mama," akamwambia, "usije ukazimia kabla ya harusi."

Wakati huohuo tanuri la kuchomea taka lilikuwa limekamilika. Lile shimo la wazi, ambalo mbuzi walizoea kuvuta bandeji ndani yake, lilifukiwa. Sista Raheli ndiye aliyewasumbua wakubwa hadi matofali yakaja, na yalipokuja alibeba pamoja na vibarua. Tanuri likasimama, refu, jekundu, na bomba lake la moshi likielekea mbinguni. Visanduku vikapangwa ndani, kila kimoja kimefungwa mstarini mwake.

Na katika mlima ule iko desturi njema. Moto wa kwanza wa jiko jipya huwashwa na yule aliyeilinda nyumba, na jina lake huchongwa juu ya mlango wa jiko. Huwashwa na mmoja. Hauwashwi na wawili. Dokta Mhando akainua kiberiti, umati ukasogea.

"Aliyekishinda kifo hapa Kilimasega na ajitokeze," akasema.

Wakajitokeza watatu.

Nakijwa akasema: "Ni mimi. Nilipochomwa, kimya kilikuwa rahisi, nami nilikuwa na harusi ya kupoteza. Nikasema. Bila sauti yangu, dawa isingetafutwa na mchi usingepasuliwa. Mimi ndiye niliyevunja kimya."

Sempombe akasema: "Ni mimi. Kelele hazimezwi, dada. Kinachomezwa ni kidonge, na kidonge kilipanda mlima huu juu ya kichwa changu. Bila miguu yangu, leo tungekuwa tunakupa pole. Mimi ndiye niliyevuka mto."

Sista Raheli akasema: "Ni mimi. Ninyi wawili mlikinga mkono mmoja. Mimi nilikinga mikono yote, na ya mtoto asiyejua kusema. Bila mimi, kesho yake angechomwa mwingine. Mimi ndiye niliyeikata mizizi."

"Na mchi ule, Sista," Nakijwa akamkatiza, "ulikuja wenyewe wodini?"

"Niliuleta mimi, nikaupasua mimi. Wewe asubuhi ile uliushika kwa mkono wa nani?"

Umati ukaangua kicheko, na Sempombe akacheka kuliko wote.

"Usicheke, mzishi wa dawa!" Sista Raheli akamgeukia. "Mto ule usingeuvuka kama ungeitazama tarehe."

"Kweli, mama," Sempombe akajibu, "lakini niliuvuka. Wangapi hukosea, wakabaki na viatu vyao miguuni?"

Umati ukagawanyika. Wapishi wakamshangilia Nakijwa, vibarua wakamshangilia Sempombe, akina mama wa wodi ya watoto wakamshangilia Sista Raheli hadi wakakauka koo.

"Dokta, amua!" wakapaza sauti.

Dokta Mhando akatikisa kichwa. "Kikao cha asubuhi kilikuwa changu," akasema. "Aliyezisifu wodi zenye visanduku vichache ni mimi, na kila sifa yangu ilikuwa pigo la mchi ule. Siwezi kuwa hakimu." Akakiweka kiberiti juu ya tofali, akarudi nyuma, akasimama kati ya watu.

Basi hakimu ni ninyi mnaonisikiliza. Mmoja alisema palipokuwa na kimya, akiwa ameshindilia kwa mkono wake. Mmoja alileta dawa, akiwa ameiacha nyingine ikafa kabatini. Mmoja aliifuta desturi ambayo mchi wake aliuleta mwenyewe. Wamesimama mbele ya tanuri watatu, wazima wote watatu, na kiberiti ni kimoja: je, nani alistahili kukiwasha?