Wimbo wa Chumba cha Kusubiri

Maradhi si homa na vidonda pekee. Kosa dogo likifichwa nalo huota mizizi, likamla mwenyewe moyo asijue pa kulitolea, na siku linapojitokeza huwa limeshakuwa kubwa kuliko nyumba. Ndiyo maana wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayedhani walitia chumvi, na amsikilize dada mmoja aliyeitwa Sikio.

Sikio alifanya kazi katika kampuni iliyopeleka muziki kwenye maduka, hoteli, saluni na zahanati. Yeye ndiye aliyeamua upigwe wimbo gani na wapi: wa kuchangamsha kwa wanunuzi, wa taratibu kwa wagonjwa. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa kuwa gitaa likipotoka hata kidogo, yeye hukunja uso kabla ya mwingine yeyote. Kila wimbo ulipaswa kuandikiwa jina la mwenyewe, ili kila unapopigwa, chama cha wasanii kimlipe mrabaha wake. Wimbo usio na jina, mtambo wa kampuni wa kurushia nyimbo uliukataa katakata.

Siku moja zahanati zilitaka wimbo wa kutuliza roho, na zilitaka upesi. Katika kasha la kanda kuukuu Sikio akaokota sauti ya mwanamke na gitaa moja, sauti ya kubembeleza kama ya mama anayemwogesha mtoto. Kanda haikuwa na jina. Badala ya kuuliza, aliandika jina la mdogo wake wa kiume, mpiga gitaa aliyekuwa na wimbo wake mmoja humo mtamboni.

"Ni la kushikia nafasi tu," alijiambia. "Kesho nitamtafuta mwenyewe."

Kesho ikazaa kesho nyingine, na wimbo ukapendwa kupita kiasi, ukaombwa hata na maduka, saluni na benki.

Mrabaha ulipoingia, mdogo wake alifika nyumbani kwake mbio mbio, jasho likimtoka, uso umejaa kicheko. Taarifa ya chama ilitaja jina na jumla ya pesa tu, haikutaja wimbo.

"Dada, watu wananisikia! Wimbo wangu unapigwa kila mahali!"

Sikio alijua ni wimbo upi. Aliogopa kumvunja moyo kijana, na zaidi ya hapo aliogopa kufukuzwa kazi. "Hongera, mdogo wangu," alisema. Haukupita muda kijana akaacha kazi ya kuchomelea mageti, akashika gitaa tu.

Tangu hapo Sikio hakujua amani. Alipoingia duka la dawa, sauti ile ilimpokea kutoka darini. Alipopanga foleni benki, ilikuwa imemtangulia. Alipolala kwenye kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, ikaanza kuimba juu ya kichwa chake, naye akatetemeka mwili mzima.

"Tulia, dada," daktari akacheka. "Mbona hata sijakugusa?"

Kisha zikaanza simu. Ya kwanza ilitoka kwa mwenye duka la dawa. "Kuna bibi mmoja mrefu hapa, ana mkongojo. Anauliza wimbo huu ni wa nani. Nimjibu nini?"

"Mwambie hatujui," Sikio akasema, akakata simu.

Baadaye akapiga msusi wa saluni: bibi huyo huyo, swali hilo hilo. Halafu hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Bibi alikuwa akiufuata wimbo duka kwa duka, na kila duka lilikuwa karibu zaidi na ofisi. Sikio alichungulia nyuma ya pazia, akamwona amesimama juani, akisoma vibao vya majengo kimoja kimoja. Alijiona tayari yuko mbele ya polisi, mdogo wake pembeni na pingu mikononi.

Basi akafanya alichodhani ni werevu. Aliuondoa wimbo mtamboni. Usiposikika, alifikiri, nani atauulizia?

Asubuhi yake simu hazikutulia. "Watoto wanalia tangu tumefungua!" muuguzi wa zahanati alifoka. "Mmetuletea matarumbeta ya nini kwenye chumba cha sindano?" Mkurugenzi alishangaa. Katika kazi ile, wimbo hauondoki mtamboni ila mwenyewe ameuondoa kwa hasira. Kwa hiyo, bila kumwambia mtu, alimwita mwenyewe aje asihiwe.

Sikio alipoitwa ofisini kwa mkurugenzi, alimkuta mdogo wake ameketi, amevaa shati lake zuri.

"Tumekukosea nini, msanii wetu?" mkurugenzi aliuliza kwa upole. "Rudisha wimbo, tafadhali."

"Mimi, bosi? Mimi sijaondoa kitu."

"Alhamdulillahi! Basi tuurudishe sasa hivi."

Akaupiga. Kijana alikaa akitabasamu, akingoja kujisikia. Ilipotoka sauti ya mwanamke, tabasamu lilibaki kidogo, kisha likanywea.

"Huu si wangu," alisema. Akageuka. "Dada?"

Kabla Sikio hajajibu, mlango uligongwa, na mhudumu wa mapokezi akamwingiza bibi mwenye mkongojo. Bibi hakumsalimu mtu. Alisimama akafumba macho, akaufuatisha wimbo kwa sauti ya chini hadi ukaisha.

"Ni mimi huyo," alisema. "Nyumba yangu iliungua, kanda zangu zote zikaenda nayo. Sikuwa na shari na mtu, wanangu. Nilitaka nakala moja tu, wajukuu wasikie."

Sikio aliangua kilio, akaeleza yote tangu mwanzo. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Ungeniambia siku ile, tungefuta jina moja tukaandika jingine, yakaisha. Lakini umeninyamazia mimi, umemwacha ndugu yako aache kazi yake, na bibi huyu alipouliza ukamfutia sauti yake. Acha funguo mezani."

Sikio alimkimbilia mdogo wake ngazini, akamshika mkono. Kijana aliutoa mkono wake taratibu.

"Ungeniambia siku ya kwanza ningecheka, dada. Ningekutania mpaka unikimbie," alisema. "Sasa mtaa mzima nimeshauambia ni mimi. Niende nikaseme nini?"

Akashuka ngazi bila kugeuka nyuma. Hakuna aliyezikwa siku hiyo, lakini udugu wao haukuwa hai tena kama zamani, na Sikio alijua ni nani aliyeuua. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.