Joto la Kompyuta ya Ladislaus

"Kisichosinzia hulala moja kwa moja."

Shangazi Skolastika alimtupia Remi maneno hayo huku akipukuchua mahindi, kwa sababu kijana alikuwa akijigamba kwamba hatagusa kitanda mpaka mtihani uishe. Remi na dada yake Osmunda wakaangua kicheko. Wakamuuliza methali hiyo kaiokota wapi, maana shuleni hawajawahi kuisikia.

"Shuleni mtasikia nini nyie! Chimbuko lake ni hapa hapa Njombe. Kaeni niwaambie, na ole wake atakayenikatiza."

Kule juu, karibu na mashamba ya chai, aliishi Ladislaus Mligo na mkewe Veneranda. Kazi ya Ladislaus ilikuwa kuhariri video za harusi, na kompyuta yake aliiunda mwenyewe chumbani, leo kipande hiki, mwezi ujao kile. Kisha akaingia kwenye mipangilio yake, akaiongezea prosesa mwendo kupita ule iliotoka nao kiwandani. Prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Alijisifu kwa kila mgeni: "Hii haitembei, inaruka!" Wanaume na vyuma vyao, mnawajua.

Basi Veneranda akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto njiti, kadogo, ukikatazama unaogopa hata kukapumulia. Wakakaita Benigna. Siku ya kutoka hospitali, muuguzi wao, Sista Imelda, ambaye pia alikuwa jirani yao, alimwonya Veneranda: mtoto asipate baridi hata kidogo, na jiko la mkaa lisiingie chumbani, maana hewa yake inaua.

"Joto lake ni kifua chako," alisema. "Ukichoka, baba yake ambebe kifuani. Pokezaneni."

Ladislaus aliitikia vizuri sana mbele ya Sista. Walipofika nyumbani akaruka. "Mimi nifungwe kitoto kifuani kwa kanga? Wenzangu wataniona vipi?"

Kwa hiyo mzigo ukabaki kwa Veneranda. Na Juni ya huku mnaijua, ukungu unaingia mpaka jikoni. Kila alipofumba macho, alimwona mwanawe amekuwa wa bluu. Akifumbua, anampapasa miguu. Ya moto? Ya moto. Baada ya muda anapapasa tena. Hata chakula alikisahau.

Ladislaus naye hakuwa na roho mbaya, msimhukumu mapema. Aliona mkewe anakwisha, akawaza. Mkaa umekatazwa, lakini kompyuta yake haikuwa na moshi, na nyuma yake ilipuliza hewa ya moto. Akatandika blanketi kwenye beseni, akamlaza mtoto humo, akakata boksi la kadibodi likawa njia ya kuelekeza hewa hiyo kwenye beseni. Veneranda alipogusa miguu ya mtoto na kuikuta ina joto, alilia kwa furaha.

Ila shida ikawa moja. Mashine ikikosa kazi, ilipoa.

"Mbona imenyamaza?" Veneranda aliuliza.

"Haina kazi, imesinzia. Ina kipengele cha kuokoa umeme. Ikitulia inapunguza mwendo, ukiipa kazi inaamka."

"Basi isisinzie! Kizime hicho, Ladi. Nakuomba."

Rafiki yake Ladislaus, Kastory, fundi wa kompyuta, alishamwambia kuongeza mwendo na kuokoa umeme havigombani. Iache isinzie isipokuwa na kazi, alimwambia, ndiyo itadumu. Lakini nani amsikilize Kastory wakati mtoto anahitaji joto? Ladislaus akazima kipengele kile, na ulinzi wa joto, ule wa kuizima mashine ikichemka mno, akauzima pia, kisha akaipa mashine hesabu ngumu zisizo na maana ili iungurume tu. Ilipozimika ghafla mara ya kwanza, hakuipumzisha. Aliiongezea umeme.

Veneranda akaupenda mngurumo ule. Maadamu feni inanguruma, mwanangu yu hai. Hivyo ndivyo alivyojiambia, akakaa mkekani, mkono kwenye beseni, lepe la usingizi hana.

Siku moja Ladislaus akashuka Makambako kupeleka video kwa wenyewe. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulifanya chumba kiwe cha kijivu. Veneranda aliegemea ukuta. Nifumbe macho kidogo tu, akasema moyoni.

Kilichomwamsha ni ukimya.

Alikaa bila kuelewa. Taa ilikuwa inawaka, umeme upo. Pua yake ikanasa harufu ya plastiki iliyoungua. Ndipo akageukia mashine, akaona imekufa. Akaupeleka mkono kwenye beseni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumwa.

Miguu ilikuwa baridi.

"Beni?" Mtoto hakulia. Hakujitingisha. "Mama yangu wee! Beni!"

Alimnyakua, akamwingiza ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, akatoka peku. Ukungu ulikuwa mzito, njia haionekani, na kifuani kwake amebeba kitu cha baridi kisichotoa sauti. Hakuthubutu kuchungulia. Aliogopa kwamba akichungulia atajua, na akijua hatafika.

Sista Imelda alifungua mlango, akamwona, hakuuliza. Alitia mkono ndani ya sweta.

"Nyamaza, usitikisike."

Veneranda aliyatazama macho ya Sista, akitafuta humo jibu, na macho yale hayakusema kitu. Aliomba kimoyomoyo achukuliwe yeye.

"Moyo unapiga," Sista akasema mwishowe. "Polepole, lakini unapiga. Keti. Usimtoe hapo."

Akawafunika wote wawili kwa mablanketi, akaendelea kumsugua mtoto mgongo. Ilichukua muda mrefu, wanangu, muda wa kumfanya mtu azeeke. Kisha ndani ya sweta kikatoka kilio chembamba kama cha paka mchanga. Veneranda naye akalia kwa sauti, bila aibu.

Ladislaus aliporudi alikuta nyumba wazi na mashine imeungua. Alikimbilia kwa Sista akihema.

"Yuko wapi? Yu hai?"

"Yu hai. Niambie ulichofanya."

Akaeleza yote, kadibodi, beseni, hesabu zisizo na maana. "Nilizima usingizi wake," alisema, kichwa chini.

Sista alikunja uso. "Mashine nayo ina usingizi?"

"Ndiyo, Sista. Ikikosa kazi husinzia kidogo, inapoa, halafu inaendelea."

"Na ukiinyima?"

"Inaungua. Kisichosinzia hulala moja kwa moja."

Sista akageuka taratibu. Pale kwenye kiti, Veneranda alikuwa amepitiwa, kichwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi, macho yamezama. Mikono tu ndiyo ilikuwa bado macho, imemkumbatia mtoto.

"Na huyu, Ladislaus," akauliza, "usingizi wake nani aliuzima?"

Ladislaus akavua koti. Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, mbele ya wanawake, akanyoosha mikono.

Sista alipomwinua mtoto, Veneranda alishtuka, akang'ang'ania. "Hapana! Atapoa!"

"Mwachie, mama Beni. Yuko kifuani kwa baba yake."

Alimtazama mumewe, kifua wazi, kanga ya Sista imemzunguka mgongoni, kitoto kimetulia juu ya moyo wake. Akalala kabla hata hajajibu.

"Hayo ndiyo, Remi. Kisichosinzia hulala moja kwa moja. Haya, funga hilo daftari."