Siku Nane za Waya Mzima

Mficha msiba huzika mara mbili. Ndivyo mlivyomsikia Mzee Faki akiwakemea wale waliokuwa wakinong'onezana kwamba mjane asiambiwe mpaka kesho. Mkaduwaa, mkaanza kuulizana maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni, masufuria ya msibani yameshaoshwa na hakuna anayewangoja. Methali hii ilianza hivi.

Zama hizo Unguja ilikuwa imeungwa na dunia kwa waya. Waya ule ulitoka Adeni, ukalala chini ya bahari mwendo wa siku nyingi za merikebu, ukaibukia Unguja katika nyumba ya simu, kisha ukazama tena kuelekea kusini. Simu yenyewe si hii mnayoilaza chini ya mto. Ilikuwa doa la mwanga ukutani, katika chumba kilichozibwa madirisha mchana kweupe. Doa lilicheza kushoto na kulia, karani mmoja akilikodolea macho na kutaja herufi, mwenziwe akiandika. Na kila neno lililofika lilirudishwa Adeni ili wa kule ahakikishe kuwa ndilo alilolituma. Likikosewa, kosa lilijulikana kabla wino haujakauka.

Lakini karatasi ikishatoka nje ya nyumba ile, hapakuwa na wa kuihakikisha tena. Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya Machano Vuai. Machano alikuwa mtu wa makamo, mpole hata paka wa jirani walimwonea. Kiingereza alikipata kwa mabaharia. Alipeleka simu majumbani, na wasiojua lugha ile akawasomea kwa Kiswahili. Alikuwa amekula kiapo kwamba hataongeza neno wala hatapunguza, na kwa miaka sita hakuwahi kukivunja.

Asubuhi moja ya Jumamosi, karani Mgoa, mtu wa Bara Hindi, aliyeitwa Kaitano, alimpa karatasi bila kumtazama usoni. Ilitoka Adeni. Ilisema: Shaame amefariki jana kwa homa. Amezikwa jana hiyo hiyo. Mwambieni mama yake.

Shaame alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Kazija, na Bi Kazija na Machano walikaa Ng'ambo mlango kwa mlango. Tena ni Machano aliyemwombea kijana huyo kazi katika nyumba ya simu ya Adeni, kazi ya kutunza betri. Alitembea taratibu siku ile, akitamani njia irefuke.

Mnajua desturi yetu. Mtu hapigwi usoni na habari ya kifo. Kwanza huambiwa hali ya mgonjwa si njema, jamaa wakakusanyika, kisha mtu mzima wa ukoo ndiye anayetamka. Ni desturi ya huruma, wala hakuna ubaya ndani yake, maana zamani haikuwahi kuchukua zaidi ya saa chache. Maiti alikuwa mumo humo ndani, sanda inakatwa, kaburi linachimbwa. Utaficha mpaka lini? Jeneza lenyewe lilikulazimisha useme. Waya ndio ulioleta kifo kisicho na jeneza.

Machano alimkuta Bi Kazija barazani akisuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ya Shaame? Soma basi."

Machano aliitazama karatasi. Kaka yake Bi Kazija, Mzee Pandu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, naye alikuwa Pemba kwenye mavuno ya karafuu. Hakukuwa na mwingine wa kutamka.

"Shaame anaumwa, mama," alisema. "Ameshikwa na homa. Anataka umwombee."

Alidhani amenunua siku moja. Angempelekea habari Mzee Pandu, mzee angekuja, mambo yangekwenda kama yanavyokwenda siku zote. Lakini Bi Kazija aliweka ukili chini, akainua mikono.

"Machano, wewe ni shahidi. Naweka nadhiri. Nitafunga kila siku mpaka waya uniletee jibu kuwa mwanangu kapona."

Kesho yake bibi kizee yule, mwenye funga, alivuka Darajani juani mpaka nyumba ya simu kuuliza jibu. Machano alimwona kwa mbali akija na kanga yake kichwani, na akili ikamruka.

"Waya umekatika, mama. Meli imekwenda kuutafuta."

"Umekatikia wapi?"

"Huko baharini, mbali."

"Maskini," alisema Bi Kazija. "Basi nitauombea na waya."

Alipoondoka, Kaitano alitoa kichwa mlangoni. Nyuma yake doa la mwanga lilikuwa likicheza ukutani kama kawaida.

"Hujamwambia?"

"Namngoja kaka yake."

"Sisi humu hatungojani, Machano. Neno likifika, linakwenda."

"Wewe huzijui mila zetu," alijibu Machano, na kweli Mgoa yule hakuzijua, akarudi kazini.

Siku ya tatu bibi alikuja tena, na ya nne pia. Jioni alifuturu kwa tende moja na maji, akasema chakula hakipiti kooni. Siku ya tano alianguka pale Darajani, akarudishwa nyumbani kwa kubebwa. Machano aliketi ukingoni mwa kitanda. Jumamosi aliogopa kumliza. Sasa aliogopa kumwua. Kila siku aliyonyamaza iliifanya kesho yake kuwa nzito zaidi, na Mzee Pandu, aliyekwisha kutumiwa habari, alikuwa bado hajafika.

Alifika siku ya nane, asubuhi. Machano alimpokea bandarini na kumweleza yote palepale, mbele ya wachukuzi.

"Siku nane, Machano?" alisema mzee. "Siku nane?"

Waliingia pamoja. Bi Kazija alikuwa amelala, midomo imemkauka, tasbihi mkononi. Mzee Pandu alimshika mkono.

"Dada, Shaame hatunaye."

Bi Kazija hakupiga ukelele. Alimtazama Machano.

"Lini?"

"Ijumaa ile, mama. Kabla sijakuletea karatasi."

Alihesabu kwa vidole, polepole.

"Na waya?"

"Ulikuwa mzima, mama."

"Basi siku zote hizi namwomba Mungu amponye mtu aliye kaburini." Aliitazama tasbihi mkononi. "Kalazwa ugenini, hana ndugu wa kumsomea hata Yasini. Wa kumrehemu nilibaki mimi, nami nikawa namwombea afya. Matanga yake yamepita, hitima imepita, mamaye anangoja waya. Ungenipa kilio changu, Machano. Kilikuwa changu."

Machano alipiga magoti, machozi yakimdondoka kwenye mkeka.

"Nisamehe, mama. Nilikuonea huruma."

"Najua. Yangu nimekusamehe. Ya Shaame si yangu kuisamehe."

Akaomba isomwe Yasini. Walisoma mpaka adhuhuri, naye akifuatisha kwa midomo, bila sauti. Watu walimsihi anywe uji, akanywa vijiko viwili kuwaridhisha. Siku ya tatu yake akafariki.

Makaburini, Mzee Pandu aliteremka ndani, akatafuta wa kumsaidia kumpokea dada yake. Mahali ambapo mwanawe angesimama hapakuwa na mtu. Mzee alimtazama Machano, akamwashiria ashuke. Machano alishuka, akampokea Bi Kazija, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Hakuacha kazi ya simu, ingawa wengi walidhani ataiacha. Ila tangu hapo, karatasi ya msiba aliisoma yote, neno kwa neno, kisha akaketi chini pamoja na mwenye msiba, asiondoke mpaka nyumba ijae watu. Mara nyingi jamaa walimwahi njiani, wakamshika kanzu wakimsihi, "Bwana Machano, leo mwambie anaumwa tu. Ya kufa tutamwambia wenyewe kesho."

Naye alikuwa akitikisa kichwa. "Mtoto nilimzika peke yangu humu kifuani," aliwaambia, "bila sala, bila mtu kujua. Mama yake nikamzika mbele ya watu wote. Niachieni nipite. Mficha msiba huzika mara mbili."